Wimbo wa Nyumbani Uliotugawa Makete

Sisi Wakinga tuliotawanyika kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Mwanjelwa, Mbeya, Krismasi hutukuta nyumbani Makete, mkoani Njombe. Desemba iliyopita, jioni ya pili tangu tufike, mdogo wangu aliunganisha simu na spika akaweka "My Tennessee Mountain Home" wa Dolly Parton, mwimbaji wa kantri kutoka Tennessee, Marekani. Haukufika katikati, kaka mkubwa akawa anafuta macho. Shangazi alikuwa anamenya viazi. Akauliza huyu mama anaimba nini hata watu wazima wanalia. Akatafsiriwa ubeti kwa ubeti, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo huko kwao hakuna anayelima?"

Tulicheka, lakini swali lake limeniganda. Ndani ya wimbo ule kuna kiti kimeegemezwa ukutani barazani, watoto wanakimbiza vimulimuli, nyenje wanalia, wapenzi wanatembea pamoja wakitoka kanisani Jumapili. Mashamba yamo, ila yamo ili nyenje wapate pa kulilia. Jembe hulioni. Maji kachota nani, kuni kakata nani, huambiwi. Shangazi, ambaye Makete hajawahi kuiacha zaidi ya wiki mbili, alisikia kijiji cha mtu mwenye nauli mfukoni. Ni kama hifadhi ya Kitulo hapo juu, ambayo wageni huiita Bustani ya Mungu. Maua yapo kweli, tena mazuri, lakini anayeamka Juni akakuta sakitu, ule umande ulioganda, imeunguza viazi vyake ana jina lake la mahali pale, na si la kuandika kwenye kipeperushi cha utalii.

Upande wa kaka nao una uzito. Dolly hakuokota umaskini vitabuni. Alizaliwa 1946 katika milima ya Tennessee, wa nne kati ya watoto kumi na wawili, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Mwaka 1964, siku moja tu baada ya kumaliza sekondari, akaenda Nashville kutafuta maisha. Kaka naye aliondoka na begi moja alipomaliza darasa la saba, akaanza kwa kutembeza mitumba. Anajua kulikuwa na shida. Ila baraza analolililia lilikuwa la baba, na baba hayupo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia wimbo umesahau jembe, unamjibu swali ambalo hakuuliza.

(Mdogo wangu simhesabu upande wowote. Kazaliwa Mbeya mjini. Yeye anapenda gitaa. Wapo pia wanaoziweka nyimbo za kantri zote kapu moja na zile za dini za Jim Reeves zilizokuwa zikipigwa Jumapili asubuhi, na huwezi kuwashawishi kwamba Tennessee si mbinguni.)

Kinachonifurahisha ni kwamba jibu la shangazi limo kwenye albamu hiyohiyo ya 1973. Kuna wimbo mwingine humo, "In the Good Old Days (When Times Were Bad)", ambao Dolly alikuwa ameshautoa 1968. Humo mikono ya baba inapasuka kwa kazi mpaka inatoka damu, mvua ya mawe inapiga mazao, mama anaumwa bila daktari, na upepo unapenyeza theluji kwenye nyufa za ukuta hadi sakafuni. Anasema kumbukumbu zile haziuzi kwa fedha yoyote, na hakuna fedha ya kumrudisha akaishi tena vile. Nikauweka. Shangazi akasimamisha kisu. "Huyu sasa wa hapahapa," akasema. Kaka akaomba turudishe ule wa kwanza.

Kwa hiyo nikiambiwa wimbo ule wa baraza ni uongo, nakataa. Mwimbaji mwenyewe aliuweka jirani na ushahidi unaoupinga. Wa kulaumiwa ni sisi wa mjini, tunaochukua nusu moja, tukaiweka kwenye gari tunaporudi, halafu tukawashangaa ndugu wanaouza shamba la mianzi wahamie mjini Makambako. Hapo nipo na shangazi.

Ila si moja kwa moja. Usiku uleule, moto ulipokolea, alianza hadithi za utoto wake: kuchunga kondoo na kuiba ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye mianzi ya jirani, kisha kupokezana wimbo na wenzake walioko ng'ambo ya bonde. Dakika arobaini nzima baridi haikutajwa, wala njaa, wala mzigo wa kuni. Kaka alinitupia jicho. Nilinyamaza, maana hadithi ilikuwa tamu na sikutaka aikate.

Saa kumi na mbili asubuhi alitugongea mlango. Majembe yalikuwa matano, na lile zito alikuwa amemwekea kaka.