Bibi za Alabama na bibi zetu wa Tanga

Mwaka wa saba huu niko Alabama, Marekani, na bado nikipiga simu nyumbani shangazi ananiuliza eti mwanangu, watu weusi wa huko si hawana ukoo, kila mtu kivyake? Shikamoo shangazi, ila hapo umedanganywa.

Kuna mama nafanya nae kazi, kwao Gee's Bend, kijiji kimezungukwa na mto Alabama pande tatu, wengi pale jina lao ni Pettway, jina la bwana aliyewamiliki mababu zao enzi za utumwa. Wanawake wa huko wanashona mablanketi ya viraka, bibi kamfundisha mama, mama kamfundisha binti, na viraka vyenyewe ilikuwa jinzi zilizochakaa shambani, magunia, chochote, maana nyumba zilikuwa zinapitisha baridi. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona blanketi la kujifunika, bintiye Arlonzia akimsaidia. Kusikia hivyo nikakumbuka nguo za babu zilivyogawiwa baada ya arobaini, mi nikapata koti, bibi hakubakiza hata shati. Kila mtu na mila zake lakini kwa hili nampa Missouri.

Afu wale sio wa kushona tu. 1962 watu weusi walipoanza kudai kujiandikisha kupiga kura, kule mjini Camden ng'ambo ya mto, kivuko cha kuwavusha kikasimamishwa, kimerudi 2006, piga hesabu mwenyewe. 1966 wamama wakawa na ushirika wao wa kushona na kuuza, na 2002 mablanketi ya Gee's Bend yakatundikwa makumbusho New York.

Sasa kwetu. Bibi alikuwa anasuka ukili, ule mkanda wa miyaa (majani ya kusukia), barazani na mabinti zake, kila mtu na wake, afu kili zinaungwa unapatikana mkeka, yaani kazi ile ile ya kuunga vipande, na umbea humo humo, hela ya mchezo humo humo, binti anaepigwa na mumewe anapata pa kusemea humo humo. Sa hivi nikienda likizo nakuta mkeka wa plastiki, anaejua kusuka kabaki shangazi tu, na mi ndo mkosaji namba moja maana nlikuwa nakimbia, eti miyaa inakata vidole. Natuma hela kila mwezi najiona nimemaliza.

Desemba nakuja shangazi. Soda acha, nitafutie miyaa.