CD bila kijitabu? Bakini nayo

Kuna lebo moja ya huko Ulaya, sitaitaja jina, imeniuzia CD ya bendi ya Kiitaliano ya progu, ile roki ya nyimbo ndefu zenye mizunguko mingi, ya mwaka 1973 kwa bei ambayo mama watoto akiijua nitalala sebuleni. Toleo jipya, "limesafishwa upya", jalada la karatasi ngumu linalokunjuka kama la santuri yenyewe. Mzigo umezunguka dunia mpaka nimezoeana na wahudumu wa kaunta. Nafungua, ndani mna karatasi moja. Upande wa mbele ni jalada lilelile limeskaniwa hovyo, hata ile duara ya kikombe cha chai aliyoiacha mwenye santuri unaiona. Upande wa nyuma, matangazo ya CD zao nyingine. Imekwisha hiyo. Mpiga gitaa hatajwi, mpiga dramu hatajwi, studio hakuna, tarehe hakuna, hakuna aliyekaa chini akaandika hata aya moja kuhusu vijana waliojifungia chumbani wakatunga wimbo wa dakika ishirini.

Nimekasirika, na nikikasirika naandika.

Najua mtaanza: "Kaka, si muziki wenyewe upo YouTube?" Upo. Na mimi nausikiliza hukohuko, bando likiruhusu. Kama shida yangu ingekuwa sauti tu, hela hii ningenunulia mabati. Ninachonunua mimi ni kile kijitabu. Kurasa ishirini, thelathini, maandishi madogo ya kuumiza macho, picha za vijana wenye nywele ndefu wamesimama mbele ya gari bovu, na mtu aliyewatafuta wazee hao mmoja mmoja akawauliza ilikuwaje. Hiyo ndiyo bidhaa. CD ni kisingizio cha kuisafirisha.

Chukua Spring. Jina baya kuliko yote kulitafuta mtandaoni, utaletewa maua na vitanda. Ni vijana wa Leicester, Uingereza, walitoa albamu moja mwaka 1971 chini ya Neon, tawi dogo la RCA, kisha wakatawanyika. Jalada linakunjuka mara tatu, picha ya mpiga picha aitwaye Keef: askari wa koti jekundu ameanguka kando ya kijito. Sasa soma habari zao. Gari lao liliharibika njiani huko Wales, na mtu aliyesimama kuwasaidia akawa ndiye Kingsley Ward, mwenye studio ya Rockfield. Wakaishia kurekodi kwake. Prodyuza akawa Gus Dudgeon, yuleyule wa Elton John. Mpiga dramu, aliyeandikwa kwa mbwembwe "Pique Withers", ni Pick Withers ambaye miaka michache baadaye alipiga dramu kwenye bendi maarufu ya Dire Straits. Kila mtu wa rika langu amemsikia huyo redioni bila kujua kwamba alitokea kwenye bendi ambayo santuri yake haikununulika. Mwimbaji, Pat Moran, alibaki Rockfield akawa fundi mitambo, na Rush, bendi ya Kanada, walipokwenda kurekodi huko mwaka 1977 alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye mitambo.

Mambo hayo usipoyajua, Spring ni albamu nzuri yenye huzuni. Ukiyajua, unasikia watu. Unaanza kuzifuata zile dramu, unasema kumbe huyu ndiye, ona anavyogonga kwa adabu, hana papara. Muziki ni uleule, lakini sikio limepewa mahali pa kushika.

Na ile albamu ina wapigaji watatu wa mellotron. Nisamehe, hapa lazima nisimame kidogo. Mellotron ni kinanda ambacho ndani yake kila kitufe kina kipande chake cha tepu. Ukibonyeza, tepu inavutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea, na kwenye tepu hiyo kuna binadamu aliyerekodiwa akipiga fidla noti hiyo moja tu. Sekunde nane hivi, tepu imefika mwisho, sauti inakata. Ukiachia, springi inairudisha mwanzo. Ndiyo maana wapigaji wake hawatulizi vidole, wanahamahama kabla pumzi haijaisha, na ndiyo maana sauti yake inayumba kama ina homa. Zipo tepu za fidla, za filimbi, hata za kwaya. Jioni moja nimeweka rekodi yenye hiyo ya kwaya, dirisha wazi kwa sababu ya joto, mama jirani, mwanakwaya wa Anglikana, akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Baba Neema, hiyo kwaya ya wapi? Mbona wanaimba kama wamefungiwa stoo?"

"Ni mashine hiyo, mama."

"Mashine inaimba alto? Usinitanie. Hao ni watu. Akina nani hao?"

Swali la mama jirani ndilo swali langu kwa lebo nzima ya Ulaya, tena yeye hakulipia hata senti.

Mengine yanayowashughulisha wakusanyaji nitayapita haraka. Santuri za rangirangi, nyekundu na madoa ya kijani: mchezo wa watoto, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane halichagui rangi. Nyimbo za nyongeza: wimbo uleule umekosewa mara tatu, ahsanteni sana. Wanaoongeza sauti mpaka kila kitu kinapiga kelele sawasawa, pale penye kunong'ona na pale penye radi: hao wana kesi ya kujibu, ila si leo.

Haya, nitakubali jambo moja, shingo upande. Wanaotoa matoleo haya wengi ni watu wawili na kompyuta. Mikanda ya awali ilishapotea au ilifutwa irekodiwe kitu kingine, wanatafuta santuri iliyo safi kidogo na kuinakili kutoka hapo. Wanamuziki wengine wameshatangulia mbele ya haki, wengine hawataki kukumbushwa. Kulipa mwandishi na kuchapa kurasa ni gharama. Naelewa. Lakini hata majina matano? Majina matano ya watu na kazi zao yanaingia kwenye nafasi ileile mliyoweka tangazo. Msinichezee.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanichoma kuliko linavyostahili kwa mtu ambaye hajawahi kufika Italia. Mimi ni mtu wa Dodoma. Na katika rundo lote hili la progu, la Waingereza na Waitaliano na Wajerumani, kuna rekodi moja inayonihusu kwa damu. Archimedes Badkar walikuwa bendi ya Uswidi, miaka ya 1970, katika lile wimbi lao la roki ya wasomi wenye ndevu, waliochanganya kila walichokiokota: midundo ya Afrika, India, ngoma za kijijini kwao. Ukisoma orodha ya albamu zao unashuka taratibu, Kiswidi, Kiswidi, Kiswidi, halafu mwaka 1979 unakutana na "Bado Kidogo". Pamoja na Afro 70.

Afro 70, bendi ya dansi ya Patrick Balisidya. Balisidya aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946, Mvumi hiihii tunayokwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mgogo wetu, mwenye "Harusi" ambayo mpaka leo ikipigwa ukumbini shangazi wanavua viatu. Huyo alikwenda Uswidi, akaingia studio na mahipi wa kule, ikatoka santuri ambayo wakusanyaji wa progu ulimwenguni wanaiandika kwenye orodha zao. Nimewahi kumwambia kijana mmoja wa Nkuhungu anayejifunza gitaa, akanitazama kama ninayemuuzia kiwanja hewa. Nikampigia kwenye simu. Akasikiliza, akauliza: "Anayepiga kinanda hapo ni Mswidi au wa kwetu?"

Nikakosa jibu la kumpa. Nakala niliyonayo mimi ni ya kunakiliwa na kunakiliwa tena, faili tupu. Namjua mpiga dramu wa Leicester mpaka alikoishia. Naweza kukutajia gari la nani liliharibika wapi. Wa Mvumi, aliyefariki mwaka 2004, ambaye wenzake wa jukwaani tungeweza kuwafuata kwa bodaboda na kinasa sauti, namjua kwa mistari michache. Hii si haki, na siwalaumu Waingereza. Wao walikaa wakaandika ya kwao, hata yale ya bendi zilizoshindwa. Hasa yale ya bendi zilizoshindwa! Sisi ya walioshinda hatujayaandika.

Na usiniambie ni umaskini. Wazee wa dansi walijua thamani ya jina kuliko lebo yoyote. Sikiliza nyimbo zao: solo ikianza, mwimbaji anaita jina la mpigaji, anampa sifa zake, anamwambia kamata hapo. Naamini walifanya hivyo makusudi. Hapa nchini hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, bendi zilikuwa zinafunga safari hadi Nairobi kurekodi, na ile sahani ndogo ya nyimbo mbili ilirudi na karatasi ya katikati yenye jina la bendi, wimbo, na basi. Ukitaka mjukuu wako ajue ulikuwepo, upigiwe kelele ndani ya wimbo wenyewe. Rekodi nyingine zilibaki kwenye mikanda ya Radio Tanzania, hazikuwahi kuuzwa dukani kabisa. Jina lilitoka kinywani mwa mtangazaji likaishia hewani.

Wapo waliojaribu, tena wageni. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, kazi ya Werner Graebner, una vijitabu vya kusomeka: nani alipiga nini, bendi ilivunjikaje, nani alimchukua mwimbaji wa nani. Juzuu ya tatu ni dansi letu la miaka ya 1960. Nimeisoma mpaka pini zimelegea. Na Hukwe Zawose, Mgogo mwingine, zeze na ilimba zake (ilimba ni ile ya kupigwa kwa vidole gumba) zilitoka kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel. Ndiyo, Gabriel wa Genesis, bendi ya progu ya Uingereza, yule aliyekuwa anapanda jukwaani amevaa kama ua. "Chibite" ni ya mwaka 1996. Angalia ilivyo: Wagogo wawili, njia mbili tofauti, wote wakaishia sebuleni kwa watu wa progu. Halafu kuna wanaoniuliza huku Dodoma muziki huo unanihusu nini.

Najua pia kuna hoja ya pesa. Jina lisipoandikwa, hakuna wa kudai. Wimbo ukiwekwa kwenye tangazo la sabuni kesho, mtoto wa mpiga besi atakwenda ofisi gani, na ushahidi upi? Atasema baba alisimulia? Lebo inayochapa CD bila majina inajua hilo vizuri sana. Mvivu na mwizi hapo huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Kwa hiyo ombi langu liko kwa watu wawili. Wa kwanza ni wewe mwenye mzee nyumbani aliyewahi kupiga bendi, yoyote, hata ya shule, hata ya jeshi. Toa zile picha kwenye sanduku, mwulize huyu nani, yule nani, andika nyuma kwa kalamu ya wino. Fanya wiki hii, usingoje sikukuu. Wa pili ni yeyote mwenye haki ya ile santuri ya 1979. Toeni upya, mkitaka hata kwa rangi ya zabibu, nitavumilia. Ila wekeni kurasa thelathini, Kiswahili na Kiswidi, nani alipiga kinanda, nani alikula nini kwenye baridi ile, na picha ya Balisidya akiwa na koti la kuazima. Kodi na ushuru nitalipa bila kunung'unika, na mama watoto nitamwambia bei halisi.