Barua Sita za Posa

Neno "hiari" nililijua tangu darasa la tatu, siku mwalimu alipotangaza kwamba mchango wa madawati ni wa hiari, kisha akasoma kwa sauti majina ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa. Ukubwani nikalikuta tena kwenye harusi. Kamati inakutumia kadi ya mchango wa hiari, halafu mweka hazina anakukumbusha hiari yako mara nne kwa wiki. Kwa hiyo nilipofungua fomu za vyuo vya sheria vya Marekani na kukuta pameandikwa "insha ya hiari: tueleze kwa nini unataka kusoma kwetu", sikudanganyika. Nilijua nadaiwa.

Naishi Minneapolis, ambako mwezi Januari hata machozi yanaganda. Kazi yangu ni ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mchana, badala ya kulala, nilikuwa nikipokea Waswahili wenye bahasha. Huyu kaletewa barua na mwenye nyumba, yule ana fomu ya uhamiaji, mwingine kaitwa mahakamani kwa kosa la kuegesha gari. Namsomea, namwelezea, namnywesha chai, anakwenda zake. Mke wangu akavumilia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu akasema, "Kama ndiyo hivyo, si ukasome kabisa, walau uwe unalipwa? Sukari inakwisha."

Huku sheria husomi ukitoka kidato cha sita kama nyumbani. Sharti uwe na shahada nyingine kwanza, ndipo uongeze miaka mitatu ya JD, shahada ya sheria ya huku. Kabla ya hapo kuna mtihani uitwao LSAT, wenye alama kuanzia 120 hadi 180, yaani hata ukisinzia mle ndani unatoka na 120 zako. Mimi niliufanya kabla hawajaondoa mafumbo ya mantiki mwaka 2024: watu saba wanapanga foleni, F hakai jirani na G, H lazima amtangulie K, sasa nani yuko wa tano? Watu walikuwa wakilia na mafumbo yale. Mimi nimeshapanga viti kwenye shughuli za ukoo wetu Tanga, ambako shangazi zangu wawili hawajasalimiana tangu 1998 na wote wanataka kukaa mbele. Niliona mteremko.

Matokeo na nakala za vyeti vyako vyote vinakaa sehemu moja, kwenye taasisi iitwayo LSAC, nayo ndiyo inayovituma kwa kila chuo unachoomba. Wakati wangu kila ripoti ilikuwa dola 45, mbali na ada ya chuo chenyewe. Nikaichukulia kama kishika uchumba. Nikachagua vyuo sita, ambavyo sitavitaja, maana vyote vilinifanyia ustaarabu na aliyekosa ni mimi.

Kazi ikawa kwenye zile insha. Chuo cha Michigan, kwa mfano, wana orodha ya maswali ya hiari, unachagua utakayojibu. Chuo cha Yale nao wakati ule walidai insha ya maneno 250 juu ya jambo lolote lile, na kwao wala hawakujificha, ilikuwa lazima. Lakini swali linalozunguka kwingi ni hilohilo, kwa nini sisi? Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, hakikuwahi kuniuliza kwa nini nakipenda. Kiliangalia pointi zangu za kidato cha sita, kikanipa sosholojia, mapenzi tukayatafuta wenyewe baadaye.

Nilipouliza uliza nikaelewa. Marekani kuna vyuo vya sheria karibu 200 vilivyoidhinishwa, na mtu mmoja anaweza kuomba kumi, hata kumi na tano. Chuo kinaogopa kumpa mtu nafasi halafu akaenda kwingine, wao wakabaki na kiti kitupu. Wanataka kujua kama umekuja kuoa au umekuja kupita.

Hapo nikampigia mjomba.

Mjomba wangu yuko Tanga na ni mshenga. Si mshenga wa kubahatisha. Barua za posa alizoandika na kuzipeleka mwenyewe zimepita hamsini, na anasema zilizorudishwa ni mbili, moja kwa sababu ya mvua. Nikamweleza shida yangu.

"Mjomba," akaniambia (sisi huitana hivyo, mimi mjomba na yeye mjomba), "posa haisifii uzuri. Uzuri binti anausikia kila siku barabarani. Taja kilichoko kwao. Kisima chao, mwembe wao, babu yao aliyepigana na Mjerumani. Wazee wakisoma waseme, huyu ametuchunguza."

Ushauri huo ndio uleule ambao watu hulipia pesa huku. Usiwaambie kwamba wana sifa kubwa duniani, wanajua. Taja somo, taja mwalimu na anachokiandika, taja kliniki.

"Kliniki?" mjomba akashtuka. "Mkeo mjamzito?"

Nikamwelewesha kwamba kliniki ya sheria ni mahali wanafunzi wanaposimamia kesi za watu wasio na uwezo, wapangaji, wahamiaji, huku mwalimu akiwaangalia. Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo ndiyo mali yao," akasema. "Taja mali."

Laiti asingelitumia neno hilo.

Usiku ule kazini, wazee wamelala, nikafungua kompyuta. Kuandika insha sita kwa mtu wa zamu ya usiku ni adhabu, nikaona niandike moja iliyo nzuri, yenye matundu, kisha nizibe matundu kwa kila chuo. Insha ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo matundu nikayapa majina ya Kiswahili yasije yakachanganyika na maneno mengine. Penye jina la chuo nikaweka MCHUMBA. Penye mji wao nikaweka KWAO. Penye kliniki, kwa heshima ya mjomba, nikaweka MALI. Halafu nikaiagiza kompyuta itafute kila MCHUMBA na kuweka jina la chuo. Nilijiona nimezaliwa na akili zaidi ya wenzangu.

Chuo cha kwanza kikanitia adabu mapema. Kumbe neno la Kiingereza la taratibu za kisheria, "formalities", limemeza "mali" katikati. Kompyuta haikujali, ikatoa mali na kupachika kliniki. Likazaliwa neno lenye herufi kama thelathini, linaanza na "for", katikati kuna Kliniki ya Haki za Wahamiaji nzima nzima, linaishia na "ties". Nikaliona kabla sijatuma. Nikacheka mpaka bibi mmoja wa chumba cha jirani akagonga ukuta. Nikaiambia kompyuta iheshimu herufi kubwa, nikatuma ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Safi. Kuanzia hapo nikaacha kuzikagua.

Ya sita nilikuwa nayo tayari, mwisho ni tarehe 15 Februari 2023, saa tano na dakika 59 usiku. Nikaingia zamu nikijua nina muda hadi karibu na saa sita. Saa tano kasorobo, nikimvisha mzee mmoja soksi, kitu kikanichoma. Saa tano na dakika 59 za wapi? Chuo chenyewe kiko pwani ya mashariki, na kwao saa iko moja mbele ya Minneapolis. Saa tano kasorobo yangu ni saa sita kasorobo yao.

Soksi ya pili mzee alivaa mwenyewe.

Kwenye kompyuta yangu palikuwa na faili linaloitwa "posa" na lingine linaloitwa "posa 6". Mfumo unakupa nafasi ya kuangalia kila ukurasa kabla ya kutuma, jambo jema kabisa, kwa watu wenye nafasi. Mimi nilikuwa na dakika chache na mtandao wa nyumba ya wazee. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikatuma. Nikarudi kwa mzee wangu, nikamkuta amevaa soksi zote mbili mguu mmoja. Nikamshukuru Mungu.

Mwezi Machi chuo cha sita kikaniita kwenye usaili wa video. Nikaweka kompyuta mezani jikoni, maana ndiko mwanga uliko, nikafunga tai. Mke wangu nyuma yangu akachoma chapati kimyakimya, tumekubaliana asiguse sufuria. Upande wa pili akatokea mama mmoja wa ofisi ya udahili, mtu mzima, mpole, miwani imeshuka puani. Tukaongea vizuri kuhusu kazi yangu, kuhusu bahasha za Waswahili. Akaandika kitu. Kisha akachukua karatasi.

"Nimesoma insha yako ya hiari," akasema. "Nina swali moja. Emu-chumba ni nani?"

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Emu-chumba. Unasema unamtaka Emu-chumba tangu ulipofika Marekani."

Nyuma yangu kijiko cha kugeuzia chapati kikasimama.

"Mchumba gani?" mke wangu akauliza, kwa Kiswahili, taratibu, kwa ile sauti ambayo mwanamume aliyeoa anaijua.

Nikahisi tai inanibana. Yule mama, Mungu ambariki, akaendelea kunieleza kwamba walipoona natoka Tanzania walijua maneno yale ni Kiswahili, wakayatafuta kwenye intaneti. Neno MALI ndilo lililowasumbua. Mwanzoni walidhani nakusudia nchi ya Mali, mwenzake mmoja akaona si bure, Tanzania na Mali wapi na wapi. Walipopata maana zote tatu wakaisoma upya. Naye akanisomea, na nilivyomsikia mimi kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Sivutwi na jina la Mchumba, maana wenye majina ni wengi. Kinachonivuta ni mali iliyoko kwao. Mali ya Mchumba nimeichunguza kwa miezi. Najua mwaka wa kwanza siruhusiwi kuigusa, lakini kuanzia wa pili nakusudia kuitumia kadiri nitakavyoruhusiwa. Niko tayari kuhamia kwao wakati wowote, na mke wangu analiunga mkono jambo hili."

"Analiunga mkono nani?" mke wangu akasema. Hiyo aliisikia kwa Kiingereza, hakuhitaji tafsiri.

Ndipo king'ora cha moshi kikalia. Nyumba za huku zina king'ora darini ambacho hakijui tofauti ya moto na chapati, na chapati ile ilikuwa imeachwa peke yake tangu neno mchumba lilipotajwa. Nikasimama juu ya kiti na gazeti napepea king'ora, tai inaning'inia, mke wangu ameinama kwenye kompyuta anamwambia yule mama, kwa adabu kabisa, "Samahani, naomba umsomee tena. Kuanzia kwenye mali."

Kelele zilipokwisha nikaeleza yote, mshenga, kisima, mwembe, matundu, soksi. Yule mama alicheka akavua miwani. Halafu akauliza swali la mtu wa sheria.

"Na hii barua umewapelekea wachumba wangapi?"

Ningeweza kusema uongo. Nikasema sita.

"Wengine nao wamepata mali?"

Nikamwambia wengine wamepata majina yao. Akaandika tena kitu, kirefu kuliko cha kwanza, akaniaga.

Usiku nikampigia mjomba. Alisikiliza hadi mwisho bila kukohoa. "Kosa lako si matundu, mjomba," akasema. "Mimi nilikwambia umtaje babu. Babu yuko wapi kwenye barua hii? Umerukia mali moja kwa moja."

Mwezi Aprili jibu likaja. Hawajanikubali, hawajanikataa. Wameniweka kwenye orodha ya kusubiri, na chini wameandika kwamba naweza kutuma barua fupi kueleza kama bado nawataka. Barua hiyo, wakaongeza, ni ya hiari.

Safari hii sikuandika kwa matundu. Niliandika jina la chuo kwa mkono wangu kila lilipohitajika, nikaichapa, nikamwachia mke wangu mezani aisome kabla sijaingia zamu. Asubuhi niliporudi nilikuta ameipitia yote kwa kalamu nyekundu na amebadilisha mahali pamoja tu. Pale nilipoandika kwamba moyo wangu uko kwao, amekata "moyo" na juu yake ameandika "akili".

Nikaituma hivyohivyo.