Besi ya akiba: chukua P/J ya nyuzi nne, isiyotaka betri

Mpiga besi wa Dar siku hizi hana mtindo mmoja. Ijumaa yuko baa anapiga dansi na rumba za Kikongo, Jumamosi harusini ambako ndani ya masaa machache ataombwa taarab, zouk, reggae na bongofleva iliyotoka juzi, halafu Jumapili asubuhi yuko kanisani na mpiga kinanda anahamisha ki (ufunguo wa wimbo) kila pambio. Kwa kazi hizo besi moja haitoshi, hilo naona wote tunakubaliana. Ubishi unaanza pale mtu akishapata hela ya kununua ya pili.

Wengi wananunua ile waliyokuwa wanaitamani siku zote. Nyuzi tano au sita, aktivu, mbao inang'aa, vinobu vitano. Mi napinga kabisa. Hiyo kama unaitaka inunue iwe ndo besi yako kubwa. Ya akiba unaishika mambo yakishaharibika, uzi umekatika au jeki (tundu la waya) imelegea, MC keshatangaza maharusi wanaingia, na unatakiwa uchomeke uendelee bila hata kumuangalia fundi mitambo. Kwahiyo kabla ya kuuliza inalia vizuri kiasi gani, uliza ina vitu vingapi vya kufa.

Aktivu ina priampu (kikuza sauti kidogo) ndani na betri ya volti 9, na hiyo betri inaanza kuliwa pale unapochomeka waya, hata kama hujagusa uzi, yaani gitaa linalokusubiri kwenye stendi likiwa limechomekwa usiku kucha linakula betri bila kupigwa. Na mara nyingi haizimi ghafla. Noti nzito zinaanza kukwaruza, unadhani ni spika, fundi anashusha, wewe unapandisha, mwisho kimya. Zingine zina swichi ya kurudi pasivu, yaani kupiga bila betri, zingine nyingi tu hazina.

Mi ningekwambia tafuta pasivu yenye pikapu (visumaku vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi) za P/J. Pikapu ya P ni ile iliyokatwa vipande viwili, Fender waliiweka kwenye Precision 1957 (Precision yenyewe ilitoka 1951), na ya J ni ile nyembamba ndefu ya Jazz Bass ya 1960 ambayo hapa inakaa upande wa daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mbao). Ukiziweka pamoja unapata uzito wa moja na ukali wa nyingine kwenye mbao moja. Na haihitaji kuwa ya bei kubwa, Yamaha wana TRBX174 na BB234, Squier nao wanazo, na zilizotumika zinapatikana ukiwa mvumilivu.

Angalia inavyofanya kazi. Reggae, unafunga sauti ya J kabisa, unashusha toni mpaka chini, unapiga kwa dole gumba karibu na shingo, basi. Dansi na rumba unafungua P yote na J kidogo ili sebene likianza na magitaa yote yameshapanda juu, zile ruka-ruka zako zisikike bila kugombana na solo. Benga ndo inayotaka J zaidi, besi ya benga inaongea sana, ukisikiliza bendi ya Shirati Jazz ya Kenya utaona ni kama gitaa jingine kabisa, kwahiyo sogeza mkono karibu na daraja na fungua toni. Taarab ya kisasa kinanda kimejaa kila mahali, hapo mi nabaki na P peke yake, toni nusu. Kanisani wakitaka kuchapa slap (kugonga nyuzi kwa dole gumba na kuzivuta), zote wazi. Mitindo mitano, vinobu vitatu, na ukikosea giza likiwa ukumbini bado inatoka sauti ya maana.

Faida nyingine watu hawaiongelei: kuvuma. Kumbi zetu nyingi athi (waya wa umeme wa ardhini) ni mbovu na kuna taa za rangi zenye dima (swichi ya kupunguza mwanga), na pikapu ya koili moja inazichukua zote. Jazz Bass ukiacha pikapu moja tu inavuma. P yenyewe haina hilo tatizo kwasababu vile vipande viwili vinafutana kelele, kwahiyo kwenye P/J ukisikia mvumo unafunga J na wimbo unaendelea.

Najua wa kanisani mtaniuliza kuhusu uzi wa tano. Ni kweli, injili ya sasa inapenda ile noti ya B ya chini, na ki zikiwa za Eb na Db nyuzi nne zinakubana. Ila hii ni akiba. Nyimbo mbili tatu zilizobaki unaweza kuzipiga oktavu ya juu na waumini wakaendelea kuimba. Kama kazi zako zote ni injili tupu, sawa, chukua ya tano lakini iwe pasivu. Wengine wote, nne zinatosha, na shingo yake ni nyembamba kwa mtu aliyechoka saa nane usiku.

Wale wanaosema akiba iwe pacha wa besi kubwa nawaelewa kwenye jambo moja, urefu wa uzi toka juu ya shingo mpaka kwenye daraja. Kama kubwa ni inchi 34 na akiba iwe 34. Ukishika ya inchi 30 katikati ya onyesho mkono unaenda freti (kile chuma cha shingoni) isiyo yake.

Kitu kimoja aktivu inatushinda, lazima niseme. Ukichomeka pasivu moja kwa moja kwenye laini ya miksa, inafifia, ule ukali wa juu unapotea, na harusi nyingi siku hizi hakuna ampu ya besi. Kwahiyo kwenye mfuko wa akiba weka na boksi la DI (linaloandaa sauti ya gitaa iingie vizuri kwenye miksa) lako mwenyewe, usitegemee la ukumbi.

Pia chumvi ya hewa ya pwani na jasho vinakula nyuzi hata zisipopigwa, na unyevu unapindisha shingo. Itoe kwenye begi, ifute, ipige hata mazoezini, na ufunguo wa alen wa kunyooshea shingo ukae humohumo.

Dukani, usiijaribu na ampu kubwa ya muuzaji iliyofunguliwa besi yote. Omba ampu ndogo, weka EQ (vinobu vya besi, kati na treble) zote katikati, piga E wazi kisha piga kila freti mpaka ya 12 kwa nguvu ileile. Noti inayozama peke yake dukani itazama na kwenye harusi. Tikisa waya kwenye jeki, zungusha kila kinobu mara kadhaa, ikikwaruza au kukatika, mrudishie.