Morty anakunywa chai jirani na kaburi lake

Lawama inayotupiwa sana Rick and Morty, katuni ya Kimarekani ya mzee mwanasayansi Rick na mjukuu wake Morty wanaoruka kutoka dunia moja hadi nyingine, kwenye mabanda ya kuwekea muvi kwenye flashi hapa Mwanza na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenzi wa katuni, ni hii: dunia zikiwa hazina idadi, hakuna kinachouma. Mtu akifa, anachukuliwa pacha wake wa dunia nyingine. Dunia ikiharibika, watu wanahamia nyingine. Muuza muvi mmoja wa Mabatini, ambaye ameitazama misimu yote na kuirudia, aliniwekea hoja hiyo kwa sentensi moja: "Kaka, kama akifa analetwa mwingine, mimi nilie kwa ajili ya nani?"

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kusema kwamba hii ni katuni tu. (Ni katuni ya watu wazima. Mzazi asiiwashe sebuleni kwa kuona michoro.) Naamini swali hilo lina jibu, na jibu limo ndani ya katuni yenyewe, tena tangu msimu wa kwanza. Wengi wamelipita kwa sababu lilikuja katikati ya vichekesho.

Wanaolaumu wasikilizwe kwanza. Wazo la dunia nyingi zinazokwenda sambamba lina mizizi kwenye fizikia. Mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett alipendekeza kwamba pale ambapo chembe ndogo kabisa inaweza kwenda hivi au vile, njia zote hutokea, kila moja kwenye tawi lake. Kwa mwanafizikia hilo ni jambo la hesabu. Kwa mtunzi wa hadithi ni kishawishi, kwa kuwa hadithi inasimama juu ya kupoteza. Msikilizaji anakaa mkao wa kula kwa sababu anajua mhusika anaweza kuondoka na asirudi. Ukimpa mzee Rick bastola inayofungua mlango wa kijani ukutani, mlango wa kwenda dunia yoyote anayotaka, umempa na mtunzi mlango wa kutokea kila anapokwama.

Wana ushahidi pia. Septemba 2022, msimu wa sita ulipofunguliwa, familia nzima ililazimika kuihama dunia yao na kuhamia nyingine inayofanana nayo karibu kwa kila kitu. Tofauti waliyoigundua ni jinsi watu wa huko wanavyotamka jina la aina fulani ya jibini. Dunia nzima imepotea, na kinachobaki kuzungumzwa mezani ni jibini. Aliyechoka na mtindo huo simlaumu.

Lakini turudi nyuma miaka minane, Januari 2014, kwenye episodi ya sita ya msimu wa kwanza. Morty, kijana wa miaka 14, anamwomba babu yake limbwata ili msichana wa shuleni ampende. Rick anamtengenezea. Bahati mbaya msichana ana mafua, limbwata linashikana na virusi, na kufika usiku mji mzima unamtaka Morty. Rick anatengeneza dawa ya kuzimua, amechanganya na vinasaba vya vunjajungu, hali inazidi. Anatengeneza nyingine, na sasa binadamu wanageuka mapande ya nyama yenye macho na mikono isiyo mahali pake. Wanaosalimika ni wachache: baba, mama na dada yake Morty wamo, kwa kuwa wao ni damu ya Morty na limbwata halikuwashika.

Hadi hapo ni vichekesho vya kawaida, na mtazamaji anasubiri mzee atoe dawa ya mwisho, kila kitu kirudi. Rick hana dawa. Anachofanya ni kutafuta dunia nyingine ambako Rick na Morty wa huko walifaulu kuponya watu, kisha wakafa dakika chache baadaye. Mlipuko unatokea kwenye gereji ya nyumbani, wao wanaingia, na chini zimelala maiti zao wenyewe. Kazi iliyobaki ni kuchimba kaburi nyuma ya nyumba na kujizika. Baadaye Morty anapita ndani ya nyumba taratibu, muziki wa huzuni ukilia. Wazazi wanagombana kama walivyogombana jana, dada yuko na simu yake, na yeye anakaa kwenye kochi akitazama mbele bila kusema neno.

Nimewasikia wengi wakiisimulia episodi hii kama mfano wa uzembe wa watunzi. Mimi naomba tukae kidogo kwenye kaburi lile.

Hapa kwetu mtoto wa miaka 14 akifa, turubai linafungwa, viti vinakodiwa, kinamama wanapika, majirani wanalala matangani, michango inapita, na ndugu wa Sengerema na Ukerewe wanasubiriwa wafike ndipo azikwe. Yule Morty wa dunia ya pili hakupata hata kimoja katika hayo. Amefukiwa upesi na mtu mwenye sura yake, na mama yake mzazi yuko hatua chache tu kutoka hapo, hajui. Asubuhi mama huyo, Beth, anakaanga mayai na kumwekea mezani kijana ambaye hakumzaa. Anamwita mwanangu. Hana sababu ya kulia, kwa hiyo mwanawe halisi hana wa kumlilia. Kila nikiitazama tena nabaki pale pale: kifo kisicho na msiba, mama aliyeporwa hata haki ya kujua kwamba amefiwa, na kijana anayelazimika kuujibu upendo usio wake kila siku akirudi shule. Muuza muvi wa Mabatini aliuliza alie kwa ajili ya nani. Amlilie huyo aliye chini ya udongo. Watunzi wamemwacha pale kwa makusudi.

Kwamba ni makusudi tunalijua kwa sababu walirudi kwake mapema. Machi mwaka huohuo wa 2014, dada yake Morty, Summer, anagundua kwamba wazazi wake walimpata bila kupanga na anataka kuondoka nyumbani. Wazazi wenyewe wamevaa miwani inayoonyesha maisha ambayo wangeishi kwingine: mama ni daktari wa upasuaji wa binadamu badala ya farasi, baba ni nyota wa sinema. Kwa maneno mengine, bila Summer wangefika mbali. Morty anamwonyesha dirishani lile kaburi na kumwambia ukweli kwamba yeye si kaka yake aliyekua naye, na kwamba kila asubuhi anakunywa chai hatua chache kutoka kwenye mwili wake mwenyewe unaooza. Summer anabaki. Na kwenye ile miwani, yule nyota wa sinema, pamoja na fedha zake zote, anaishia kwenye mlango wa mwanamke ambaye hakumwoa. Dunia mbadala zimetumika hapo kuwarudisha watu wanne kwenye nyumba moja. Sijaona hadithi nyingi za familia zilizofanya kazi hiyo vizuri hivyo ndani ya dakika ishirini na kitu.

Tena katika ile episodi ya limbwata kuna neno ambalo watu hulisahau. Rick anamwambia mjukuu wake kwamba ujanja huo hawawezi kuufanya kila wiki, kwamba wamebakiwa na nafasi tatu au nne hivi. Dunia hazina mwisho, lakini dunia ambayo nafasi yako imeachwa wazi wakati uleule unaoihitaji ni adimu.

Na tuseme ukweli kuhusu katuni tulizokulia. Tom analipukiwa na baruti, anabaki mkaa na macho mawili, kisha anarudi mzima. Amekuwa akifanya hivyo tangu 1940 na hakuna aliyelalamika kwamba hakuna uzito. Familia ya The Simpsons imeishi tangu 1989 bila mtoto wao mchanga kuacha chuchu bandia. Nyumba inateketea wiki hii, wiki ijayo imesimama. Katuni za kuchekesha zimekuwa zikihamia dunia mpya kila wiki miaka yote hiyo, kimyakimya, na ile ya zamani hatukuwahi kuulizia iko wapi. Rick and Morty ndiyo iliyosimama na kuuliza: wale waliobaki kule wanakula nini leo? Baba yake Morty wa kwanza aliachwa kule na katuni haikumsahau. Mwaka 2022 Morty anarudishwa kwenye dunia yake ya kuzaliwa na kumkuta mzee amebaki peke yake, ndevu zimemjaa, hana tena haja ya mtoto aliyemtelekeza. Mazungumzo yao ni mafupi na makavu, na yanauma.

Mkazi wa kando ya Ziwa Victoria ana sababu yake ya kuielewa dunia iliyobadilishwa na mtaalamu mwenye nia nzuri. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara walimwagwa ziwani. Hesabu ilikuwa rahisi: furu, samaki wa asili wa ziwa hili, ni wadogo, wamejaa miba, sangara ni mnofu. Miongo miwili baadaye wakalipuka kwa wingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 walishuhudia nyavu zikibadilika mbele ya macho yao. Katika ziwa lililokadiriwa kuwa na aina zaidi ya 500 za furu, aina kama 200 zinakadiriwa kutoweka, ingawa baadhi zilionekana tena sangara walipopungua kwa kuvuliwa.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba leo uwaulize watu kama wangependa ziwa lisilo na sangara. Mzee atakusifia furu wa kukausha juani. Kijana anayeishi kwa kuuza mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, atakushangaa, kwa kuwa bila sangara baba yake asingekuja Mwanza kabisa. Mama anayekaanga mapanki, yale mabaki baada ya viwanda kuchukua minofu, atakuwa na jibu lake la tatu. Wote watatu wanaongelea ziwa ambalo halipo, na kupitia hilo wanaliona hili walilonalo, limewapa nini na limewanyima nini. Dunia mbadala ikitumiwa vizuri hufanya kazi hiyohiyo, na ndiyo maana siwaelewi wanaosema haina uzito.

Mahali ambapo wanaolaumu wamenibana kweli ni misimu ya baadaye. Msimu wa tano uliisha Septemba 2021 kwa kufichua kwamba dunia zote tulizokuwa tukitembezwa zimezungushiwa ukuta, na ndani ya ukuta ni zile tu ambamo Rick ndiye mwenye akili kuliko wote. Hilo ni wazo kubwa: mtu aliyejisifu kuwa hana mipaka alikuwa amejijengea zizi la kutoshindwa. Lakini msimu wa saba, 2023, unatuletea mtambo unaoweza kumfuta mtu kwenye dunia zote kwa mpigo, na tunaambiwa ndivyo alivyofutwa Diane, mke wa Rick. Hapo wanaolaumu wanasema: mnaona? Mmeshusha thamani ya kifo hadi mmelazimika kuvumbua kifo kikubwa zaidi. Wana haki nusu. Mtambo ule ni mzito mno kwa kazi iliyotakiwa, kwa sababu Rick hakuhitaji kuzuiwa kumpata Diane mwingine. Kwa jinsi tulivyoelewa hadi msimu huo, alikuwa na dunia zisizohesabika zenye Diane, na hakwenda kuishi na hata mmoja wao. Alikwenda kukaa kwenye familia iliyotelekezwa na muuaji wa Diane, akimsubiri muuaji huyo arudi. Uamuzi huo ulikuwa umeshatwambia kila kitu kuhusu mbadala, na watunzi wangeuamini zaidi.

Limebaki jambo moja lililotokea nje ya hadithi. Januari 2023 kituo cha Adult Swim kiliachana na Justin Roiland, mmoja wa waanzilishi wawili, ambaye ndiye aliyekuwa sauti ya Rick na sauti ya Morty kwa wakati mmoja. Msimu wa saba ulianza Oktoba mwaka huo na sauti za Ian Cardoni na Harry Belden. Michoro ileile, uandishi uleule, sauti zimeigwa kwa ustadi ambao mtu asiyeijua katuni asingeushtukia. Muuza muvi wangu wa Mabatini, yuleyule asiyejua alie kwa ajili ya nani, alisimamisha episodi ya kwanza kabla Rick hajamaliza sentensi, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaniambia huyu siye. Hadi leo anawawekea wateja misimu sita, na wa saba anauweka kwenye folda ya peke yake.