Msuli uko wapi? Sindano ya Botox na mlio wa masikioni

Waliowahi kutundikiwa dripu ya kwinini wanaujua mlio huu. Homa inashuka, masikio yanaanza kuvuma kana kwamba nyenje elfu wamehamia kichwani, na anayekusemesha pembeni ya kitanda unamsikia kama yuko chumba cha pili. Dripu ikiisha, siku chache baadaye nyenje nao wanaaga. Kuna watu ambao kwao hawaagi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wanausikia mlio huo, unaoitwa tinitasi kitaalamu, na kwa zaidi ya milioni 120 ni tatizo kubwa. Kidonge cha kuunyamazisha hakijapatikana.

Kwa hiyo sielewi vibaya hata kidogo mtu anayefika kwa daktari wa masikio, pua na koo akiwa amesoma kwamba Botox, sindano ya sumu inayolegeza misuli, inaweza kusaidia, akaomba achomwe. Akikataliwa, anatoka akiwa na hakika kwamba amebaniwa: daktari ni mzembe wa kusoma, au anadhani Botox ni ya makunyanzi ya wenye pesa tu. Lawama hizo nimezisikia mara nyingi. Naona daktari huyo anaeleweka vibaya, ingawa upande wa mgonjwa nao una hoja zinazostahili kusikilizwa kwanza.

Hoja ya kwanza ni historia ya dawa yenyewe. Sumu ya bakteria wa botulinamu iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Urembo ulifuata mwaka 2002. Ilikuwa dawa ya hospitali kabla haijawa ya saluni. Kisha kuna kipandauso. Mapema miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa urembo huko California, William Binder, aliona wateja waliokuja kunyoosha paji la uso wakirudi na kusema vichwa vimeacha kuwauma. Wengi wangelipuuza jambo hilo, lakini mwaka 2010 Marekani iliidhinisha sindano hiyo kwa kipandauso sugu. Kama iliwezekana kwa kichwa, kwa nini isiwezekane kwa sikio?

Hoja ya pili unaweza kuijaribu hapo ulipo kama una mlio: kaza meno, au sukuma kidevu mbele. Kwa wengi mlio unabadilika, unapanda au unageuka sauti. Neva zinazotoka shingoni na tayani hukutana na njia za usikivu kwenye shina la ubongo, kwa hiyo misuli iliyokazana inaweza kuingilia kile unachosikia. Hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, kwa sababu inataja msuli.

Na ya tatu ni utafiti. Mwaka 2005 Katrina Stidham na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 26 waliolikamilisha. Kila mmoja alichomwa mara mbili kuzunguka sikio, mara moja sumu na mara nyingine maji ya chumvi, pasipo yeye wala daktari kujua ni ipi. Baada ya sumu, 7 walisema wamepata nafuu, 3 wamezidiwa, 16 wako palepale. Baada ya maji, 2 walipata nafuu, 7 walizidiwa, 17 walibaki palepale. Hesabu za kitakwimu zikasema tofauti hiyo si ya bahati.

Wanaotetea sindano huishia kwenye ile 7 ya kwanza, 7 dhidi ya 2. Mimi nimekwama kwenye 7 ya pili.

Watu saba kati ya 26 walizidiwa kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanayochomwa kuzunguka sikio hayana njia ya kupandisha mlio uliomo ndani ya njia za usikivu. Basi saba hao walipandishwa na nini? Jibu jepesi ni kwamba tinitasi ina kujaa na kupwa kwake. Wiki ya kukosa usingizi inajaa, ukipata utulivu inapwa. Lakini ukishakubali kwamba mawimbi yenyewe yana nguvu ya kuwapandisha watu saba pasipo dawa, huwezi tena kusema kwa uhakika kwamba wale saba walioshuka walishushwa na sumu.

Lipo na jibu jingine, ambalo kwa haki linaisaidia sindano. Sumu hii hudumu mwilini miezi mitatu hivi, minne, halafu neva zinarudi kazini. Aliyeanza na sumu akapata nafuu, nafuu ikamwishia, kisha akachomwa maji, atasema nini akiulizwa? Atasema amezidiwa. Huenda baadhi ya saba hao walikuwa wakiililia sindano ya kwanza. Inawezekana kabisa. Ila sasa tazama tulipofika: namba ileile inasomeka kuwa ushahidi wa dawa na kuwa ushahidi wa mawimbi, na watu 26 hawatoshi kuamua ipi ni ipi. Faida yote imebebwa na watu watano upande wa nafuu na wanne upande wa kuzidiwa. Wahamishe wawili au watatu, na habari nzima inabadilika. Waandishi wa utafiti wenyewe hawakudai zaidi ya kuonyesha dalili, wakaomba majaribio makubwa zaidi.

Ndipo mfano wa kipandauso unapomgeukia anayeutumia. Sindano ya kipandauso haikuidhinishwa kwa sababu wateja wa California walifurahi. Iliidhinishwa baada ya majaribio mawili yaliyohusisha wagonjwa 1,384 kwa jumla, na hata hapo waliochomwa maji ya chumvi walipata nafuu kubwa pia. Ungetazama 26 wa mwanzo tu, usingeona kitu. Tinitasi haijapitishwa katika barabara hiyo. Daktari anayekataa kumchoma mtu sumu ghali, ya kurudiwa kila baada ya miezi michache, kwa ushahidi wa watu 26, hajabana chochote. Anakuambia kilichopo.

Tena kukataa kwake kuna mantiki inayokwenda mbali kuliko takwimu. Sumu hii ina kazi moja kubwa: inaizuia ncha ya neva isitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze. Daktari anapoiwaza anajiuliza, msuli uko wapi? Mlio wa kawaida, ule wa nyenje, mara nyingi huanza pale vinyweleo vya ndani ya sikio vinapochakaa kwa umri, kelele au dawa, na ubongo ukijaribu kufidia usichokisikia. Hapo hapana msuli wa kulegeza. Ndiyo maana anakuelekeza kwenye kupima usikivu, kuvaa shimesikio, kifaa cha kukuza sauti, ukihitaji, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili namna unavyoupokea mlio. Ni ushauri usiosisimua, nakubali, na mgonjwa aliyekesha wiki mbili hataki kusikia habari za kuuzoea.

Ukitaka kujua kwamba daktari huyu hana kisirani na Botox, mpelekee mgonjwa wa aina nyingine: asiyesikia mlio wa kuendelea, anayesikia tak, tak, tak, mara moja au mbili kwa sekunde, mchana kutwa. Aketi karibu na mwenzake, sikio kwa sikio, na mwenzake huenda akaisikia pia. Kaakaa laini la mgonjwa huyo linacheza lenyewe. Kila linaporuka, msuli unaolivuta unaufungua mrija unaounganisha sikio la kati na koo, na kufunguka huko ndiko kunakolia. Deuschl na wenzake wa Ujerumani walilieleza hilo mwaka 1991, wakachoma sumu kwenye msuli huo, na mlio ukanyamaza. Tangu hapo taarifa za wagonjwa wa namna hiyo zimeendelea kuchapishwa. Nao ni wachache, maana ugonjwa wenyewe ni adimu, lakini hapa wachache wanatosha zaidi: msuli unaonekana, sauti inasikika hata kwa mtu wa nje, na inapokoma hakuna haja ya kumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Bei yake ni kwamba dozi ikizidi au ikitambaa, kaakaa linashindwa kuziba njia ya pua. Sauti inakuwa ya kipuapua na chai inatokea puani, mpaka sumu iishe nguvu.

Hapa ndipo ninapomdai daktari wangu kitu kimoja. Anapomwambia mgonjwa "fungua mdomo, panua zaidi", kaakaa linavutwa, na kwa baadhi ya watu kule kuruka kunatulia papo hapo. Daktari anamulika tochi, anaona kaakaa limetulia kimya, anaandika kwamba hakuna tatizo. Kamera nyembamba ikipitishwa puani, mdomo ukiwa umefungwa, lingeonekana likiruka.