Miaka Inapangwa Bungeni, Inatumikiwa Kodiaga

Tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi wake wa tarehe 12 Julai 2024, kwamba jaji hawezi kushusha vifungo vya chini vya makosa ya kingono, hapa Kisumu nasikia kauli za watu wa aina mbili: wanaosema haki imerudi, na wale wenye kijana wao katika gereza la Kodiaga. Mimi niko na wa kwanza, ila si mpaka mwisho wa safari.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ilisema ni makosa kumfunga hakimu mikono kwa vifungo vya lazima vilivyomo kwenye Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Wafungwa wakashika kalamu. Maombi ya kupunguziwa kifungo yakamiminika mahakamani, na Desemba 2023 Mahakama ya Rufani, ikiketi hapa Kisumu, ikasema kifungo cha maisha kisomwe kama miaka 30. Mfungwa aliyekuwa hana tarehe akapata tarehe. Muulize askari jela yeyote ni yupi rahisi kukaa naye. Kisha Mahakama ya Juu ikafunga mlango: kiwango cha chini kimewekwa na Bunge, na jaji hana ruhusa ya kushuka chini yake.

Naunga mkono. Nani amesahau Busia, 2013? Binti alibakwa na genge, akatupwa kwenye shimo la choo, na polisi wakawapa washukiwa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni. Ilibidi nchi ipige kelele ndipo watatu wakapata miaka 15 kila mmoja mwaka 2015. Anayetaka kila mwenye cheo apime kwa busara yake aniambie kwanza wale polisi walipima kwa mizani gani.

Ninapokwama ni kwa kijana wa miaka 19 aliyelala na msichana wa 17 kwa kupatana. Sheria haijali kwamba walipendana, wala kwamba wazee wa pande zote mbili wameshakunywa chai pamoja. Ni miaka 15, si pungufu. Akiwa na tabia njema husamehewa theluthi, kwa hiyo anatoka akikaribia 30. Kazi za kutumikia jamii haziwezekani, maana hizo ni za vifungo visivyozidi miaka mitatu. Angekuwa na miaka 17 yeye mwenyewe, angeweza kupelekwa borstal ya Shikusa, Kakamega, yaani taasisi ya kurekebisha vijana wakosaji, na huko hakuna anayezidisha miaka mitatu. Keki mbili za kuzaliwa ndizo tofauti! Halafu analala seli moja na mtu aliyemnajisi mtoto wa miaka minane, na tunaita hiyo marekebisho.

Hapo mahakama haina tena la kufanya. Ni Bunge lenyewe litenganishe vijana wa rika moja na watu wazima wanaowinda watoto.

Na wakishaifungua sheria hiyo, wasome kifungu cha 39. Kinaruhusu mahakama kuamuru mkosaji hatari asimamiwe na apewe ushauri nasaha akishatoka, kwa muda usiozidi miaka 20. Tunapodai vifungo virefu sauti zetu husikika hadi Nairobi, lakini hili silisikii likidaiwa. Aliyefungwa miaka 20 siku moja atapanda matatu kurudi kijijini kwao. Chifu ameambiwa? Nani analipwa kumfuatilia, na kwa bajeti ipi?